Wazazi wapo bonde la Rufiji: tuuze shamba, tuwahamishe, au tubadili namna ya kulima?

"Wazazi wangu ni wakulima bonde la Rufiji, upande wa Ikwiriri. Mimi ni fundi umeme Mbagala, na ndiye ninayetuma pesa ya mbegu na palizi. Aprili 2024 maji yalichukua ekari tatu za mpunga na ekari moja na nusu ya mahindi yaliyokuwa yameanza kukauka. Mama alikaa siku mbili juu ya dungu, kile kibanda cha nguzo cha kulindia shamba, na wajukuu wawili hadi mtumbwi ulipofika. Nyumba yetu ipo juu kijijini, lakini shamba ni mbali na nguruwe pori wanamaliza mahindi, kwa hiyo miezi mingi wanalala shambani. Baba anasema mafuriko yalikuwepo tangu enzi za babu yake na hahami. Mdogo wangu anasema ni bwawa la Nyerere, na bwawa likishazoeleka mafuriko yatakwisha. Redioni nasikia mabadiliko ya tabianchi. Kuna mtu anataka kununua shamba. Niuze na kuwajengea chumba huku Mbagala? Nitafute mbegu inayovumilia maji? Nizungushe tuta? Naomba ukweli: nani yuko sahihi, na nifanye nini na hela kidogo niliyonayo?"

Pole sana, ndugu yangu. Hasara ya mpunga inauma, lakini naona kinachokunyima usingizi ni zile siku mbili za mama na wajukuu juu ya dungu. Ndiyo maana naomba tutenganishe mambo mawili ambayo barua yako imeyachanganya: watu walale wapi, na familia ilime wapi. Yakichanganyika, jibu linalokuja haraka ni kuuza shamba. Hapo utakuwa umetibu hofu ya wiki chache za masika kwa kuondoa chakula cha mwaka mzima.

Umeuliza nani yuko sahihi. Baba yuko sahihi kuhusu historia. Mdogo wako ana hoja kuhusu bwawa, ila anakosea kuhusu yatakayofuata. Na redio inasema kweli, lakini kwa maneno mapana mno kumsaidia mtu anayeamua apande nini Novemba.

Nianze na baba. Rufiji inakusanya maji ya eneo la kilomita za mraba zipatazo 177,000, karibu moja ya tano ya Tanzania Bara. Mto Kilombero peke yake huleta zaidi ya nusu ya maji hayo. Sehemu kubwa ya kinachobaki hutoka Luwegu na Ruaha Mkuu. Maana yake ni kwamba maji yanayofunika shamba lenu mengi yamenyesha Njombe, Mahenge, milima ya Udzungwa na kusini huko Namtumbo, kati ya Novemba na Aprili. Mnaweza kuanika nguo juani Ikwiriri huku mto unapanda. Watu wengi hunaswa hapo, kwa kuwa wanatazama anga la kwao.

Maji hayo ndiyo yaliyolitengeneza bonde. Kila yanapotandaa huacha tope, na tope hilo ndilo linalofanya ekari ya bondeni izae bila mbolea wakati ekari ya juu, kwenye mchanga, inataka kubembelezwa. Wazee walipanga maisha yao kwa kufuata mwendo huo: mahindi ya vuli yatoke kabla mto haujajaa, mpunga ukue pamoja na maji, na maji yakishuka Mei au Juni upandwe mlau, yaani mahindi, kunde, maboga na zamani pamba pia, kwa unyevu uliobaki ardhini. Maji hayohayo huunganisha mto na maziwa ya pembeni, perege na kambale wakapata pa kuzaliana. Mwaka ambao bonde halikupata maji kabisa ni mwaka wa njaa ya polepole. Tofauti ni kwamba njaa hiyo haipigwi picha wala haiitishi mtu kuja na boti ya msaada.

Kwa hiyo baba hasemi hadithi. Mafuriko makubwa ya 1968 ndiyo yaliyotangulia operesheni ya kuwatoa watu bondeni na kuwaweka kwenye vijiji vya juu. Baada ya hapo wazee wanakumbuka ya 1974, na wengi tunakumbuka ya El Niño ya 1997/98. Hata ile miembe mikubwa mnayoiona katikati ya bonde, mingi ni alama ya nyumba za kabla ya uhamisho huo.

Lakini kuna jambo baba analiruka. Babu yake aliishi bondeni pamoja na majirani wengi na mitumbwi yao, na mbegu zao waliziweka juu. Leo makazi yako juu, shamba liko chini, na anayelala kwenye dungu kufukuza nguruwe na ndege mara nyingi yuko peke yake na watoto. Hatari ya mto si kitu kipya. Kilichopungua ni watu wa kuitana usiku. Hoja ya kwamba "tumeyazoea" inamhusu babu zaidi kuliko mama yako na wajukuu wawili.

Sasa nieleze kwa nini maji yaliwazingira, kwa sababu watu wengi wanaamini yalitokea mtoni yakaja mbele. Mto unapofurika, kasi ya maji hupungua mara tu yanapotoka kwenye mkondo, na mchanga mzito huanguka hapohapo ukingoni. Tope laini husafiri mbali zaidi. Baada ya miaka mingi ukingo wa mto unakuwa mrefu kuliko ardhi iliyo nyuma yake, mfano wa sinia lenye mdomo ulioinuka. Watu huweka dungu na banda ukingoni kwa sababu ndipo pakavu. Mto ukianza kujaa, maji hayapandi ukingo kwanza. Hupenya kwenye vijito na mikondo ya zamani, yakajaza mabondeni nyuma yenu, kule kwenye mpunga, kule ambako njia ya kwenda kijijini inapita. Unaamka asubuhi, mbele yako mto bado uko ndani ya kingo, nyuma yako kuna ziwa. Kutoka hapo dungu ni kisiwa. Hivyo alama ya kuondoka haipo mtoni. Ipo kwenye kile kijito cha nyuma mnachokivuka kwa miguu.

Haya ni mafuriko ya mto mkubwa, na huchukua siku kadhaa kufika. Yapo mengine ya ghafla kweli, ya saa chache, yanayoshushwa na vijito kutoka vilima vya Kichi na Matumbi mvua kubwa inapopiga usiku. Haya huua watu wanaojaribu kuvuka kwa miguu au kwa pikipiki. Kwa shamba la upande wa Ikwiriri hofu yenu kubwa ni ya aina ya kwanza, lakini ndugu wa Muhoro na upande wa kusini wana hofu zote mbili kwa pamoja.

Nije kwa mdogo wako. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022, na mwaka 2024 mitambo ya kwanza ikaanza kuzalisha umeme, kati ya megawati 2,115 zilizokusudiwa. Masika ya 2024 maji yaliyoingia yalikuwa mengi na bwawa lilikuwa limejaa, ikabidi yafunguliwe. Serikali ilieleza hivyo, ikakumbusha kwamba Rufiji ilifurika miaka mingi kabla ya bwawa. Wakazi wengi walisisitiza kwamba kilichowapiga ni maji yaliyofunguliwa. Mimi nasema hivi: bwawa lililojaa haliongezi tone kwenye mvua, ila linabadilisha saa ya maji kufika na namna yanavyofika, na kwa mtu aliye chini, saa na namna ndiyo kila kitu.

Hapa kuna mvutano ambao ni vizuri uuelewe wewe mwenyewe, fundi umeme. Bwawa la umeme hupenda kukaa limejaa, kwa sababu maji yakiwa juu yanasukuma mtambo kwa nguvu zaidi. Bwawa la kuzuia mafuriko linatakiwa kuwa na nafasi tupu kabla masika haijafika. Bwawa moja linaombwa mambo mawili yanayopingana, na kila mwaka kuna mtu anayeamua ni lipi lipewe uzito. Mwaka wa mvua za wastani litameza mafuriko madogo na ya kati, na bondeni hamtaona kitu. Mwaka wa mvua kubwa mno likishajaa, linachoingiza ndicho linachotoa. Kwa hiyo matumaini ya mdogo wako kwamba mafuriko yatakwisha ni hatari mara mbili. Watu watakaa miaka kadhaa bila kuona maji, watajenga chini, watapanda kila kitu chini, kisha litakuja moja kubwa. Na katika miaka hiyo mikavu tope litakuwa limebaki nyuma ya ukuta wa bwawa, maziwa ya pembeni hayatajazwa vizuri, mlau utapungua. Miaka mingine tatizo la baba litakuwa kukosa mafuriko.

Na tabianchi? Kanuni ya msingi ni rahisi: hewa ikipanda joto kwa nyuzi moja inaweza kubeba unyevu zaidi kwa takriban asilimia 7, na unyevu huo ukishuka hushuka kwa kishindo. Juu ya hilo kuna bahari yetu. Miaka ambayo Bahari ya Hindi upande wa Afrika inakuwa na joto kuliko upande wa Indonesia, pepo hutuletea mvua nyingi za vuli. 2019 ilikuwa hivyo kwa nguvu sana, na 2023 hali hiyo ikaja sambamba na El Niño. Wewe uliyeko Mbagala unakumbuka mgao wa maji wa mwishoni mwa 2022, Ruvu ilipopungua. Mwaka mmoja baadaye tulikuwa tunahesabu madaraja yaliyobomoka. Huko kuyumba, kutoka ukame hadi gharika, ndiko kunakomvuruga mkulima kuliko ongezeko la wastani.

Wanasayansi waliochambua mvua za Oktoba hadi Desemba 2023 Afrika Mashariki walikadiria kwamba ongezeko la joto duniani lilizifanya kuwa kubwa hadi maradufu. Walipochambua za Machi hadi Mei 2024, zile zilizochukua mpunga wenu, walipata kama asilimia 5 tu, na wakasema wazi kwamba makadirio hayo yana shaka kubwa. Nakupa takwimu zote mbili makusudi. Atakayekwambia kila mafuriko ni tabianchi anarahisisha mambo, na atakayekwambia haimo kabisa naye anarahisisha. Kwa familia yenu maana yake ni moja: mwaka mbaya utarudi mapema kuliko ulivyokuwa ukirudi kwa babu, na kalenda ya zamani imelegea.

Twende kwenye yale uliyotaka kuyafanya.

Tuta, hapana. Ekari nne na nusu kuzungushiwa tuta la jembe ni pesa nyingi kwa kitu ambacho maji ya 2024 yangekivuka. Yakishaingia ndani, tuta hilohilo linayazuia kutoka. Mpunga unaozama siku kumi unazama ishirini. Pia utaziba kijito ambacho jirani anategemea maji yatokee, na ugomvi wa aina hiyo huishi kuliko tuta lenyewe. Afadhali kusafisha mifereji ya asili inayotoa maji shambani, na kuacha matete na miti ya ukingoni isimame. Kumbuka pia kwamba sheria ya mazingira ya 2004 hairuhusu shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wengi hawaifuati, lakini ukijenga kitu cha gharama hapo unaweza kukipoteza kwa njia mbili.

Mbegu inayovumilia maji ipo, ila isikilize vizuri. Mpunga ukizama wote, hewa haiufikii, na kwenye maji ya tope hata mwanga haufiki. Aina za kienyeji ndefu hujaribu kurefuka zitokeze majani juu. Maji yakipanda taratibu zinafaulu, yakipanda kwa kasi zinamaliza nguvu zake zikilala. Mwaka 2006 watafiti walitambua jeni kwenye mpunga wa India inayofanya kinyume, yaani mmea unatulia, unahifadhi sukari yake, na unaweza kukaa chini ya maji karibu wiki mbili kisha ukaamka. Mbegu zake zimesambaa India na Bangladesh. Lakini kinga hiyo ni ya mpunga mchanga. Mpunga uliokwisha kutoa masuke ukizama, umezama. Wakulima wa haor, zile nyanda za maji za kaskazini mashariki ya Bangladesh, waliliona hilo mwaka 2017, maji ya ghafla kutoka vilima vya Meghalaya yalipowashukia mwishoni mwa Machi, mpunga ukiwa umebakiza wiki chache kuvunwa. Kwao, kama kwenu, kinachosaidia zaidi ni mbegu inayowahi kukomaa kuliko inayovumilia.

Kwa hiyo swali la kumpelekea afisa kilimo ni: "Nina shamba linalopata maji Aprili, mbegu gani itatoka kabla?" SARO 5 huchukua takriban siku 120, mapema kuliko Supa, lakini ni fupi, kwa hiyo kwenye vishimo haifai hata kwa maji ya kawaida. Supa na aina zenu ndefu za kienyeji ndizo za mabondeni. Naona busara ni kugawa: SARO sehemu iliyoinuka na ipandwe mapema, mbegu ndefu chini, na msitegemee aina moja kwa ekari zote tatu. Mahindi ya vuli yawe ya siku 90 hadi 100, yaingie ardhini mvua ya kwanza inapotulia. Mwisho wa Februari yasibaki mahindi shambani. Yakichelewa, yauzeni mabichi kwenye barabara ya Kibiti kwenda Lindi, wanunuzi wapo. Nyinyi mahindi yenu yalikuwa bado yanakauka shambani Aprili. Hapo, kusema kweli, mto haukuwa na kosa peke yake.

Kuuza shamba, nakushauri usiuze sasa. Mnunuzi anayekuja baada ya mafuriko anajua mnaogopa, na bei yake imekaa kwenye hofu hiyo. Jiulize pia anataka la nini, kama bonde halifai. Na kama ni ardhi ya kijiji, halmashauri ya kijiji lazima itoe idhini. Karatasi ya kuandikishana kwa mjumbe haitoshi. Wazazi waliolima maisha yao yote, chumba kimoja cha Mbagala kitawalinda na maji, ingawa hata huko sehemu nyingine zinafurika, lakini kila debe la unga litatoka mfukoni mwako. Nimeona wazee wakirudi kijijini baada ya msimu mmoja wa maisha hayo, shamba likiwa tayari la mtu mwingine.

Kinachobaki ni kulala juu na kulima chini, na najua utasema ndivyo ilivyokusudiwa tangu 1968, nguruwe wakavuruga mpango. Kweli. Ndiyo maana sisemi dungu livunjwe. Nasema kuanzia Machi hadi maji yashuke, mama na wajukuu walale kwenye nyumba ya juu, bila mjadala, hata kama anga ni jeupe. Zamu ya kulinda iwe ya watu wazima wanaoogelea, wawili wawili, kwa kupokezana na mashamba ya jirani. Dungu liinuliwe kupita alama ya maji ya 2024. Alama hiyo bado inaonekana kwenye mashina ya miti, na wazee watakuonyesha ile ya 1974 ilipofika. Nguzo zisichimbiwe kwenye mchanga wa ukingoni unaomegwa. Maji yakipanda nyoka nao hutafuta pakavu, kwa hiyo tochi isikosekane, na asiwepo mtoto wa kushuka kuchota maji: mamba na kiboko hutembea pale palipokuwa mpunga.

Kwenye kile kijito cha nyuma simikeni mti wenye alama, kila alama upana wa kiganja. Asubuhi na jioni mtu autazame. Maji yakianza kuingia kijitoni, mbegu, kuku na nguo zinapanda juu siku hiyohiyo. Yakipanda tena usiku huo, walinzi nao wanaondoka. Mahindi wapewe nguruwe. Mpatane mapema na mwenye mtumbwi, kwa bei, wakati ana nafasi. Na wewe na ufundi wako, paneli ndogo ya jua ya kuchaji simu na taa moja pale dunguni inaweza kuwa msaada mkubwa kuliko ekari ya ziada.

Habari za mvua zitoke Mamlaka ya Hali ya Hewa, na hapa wewe uliye mjini ndiye redio ya wazazi. Utabiri wa vuli, wa msimu wa Novemba hadi Aprili na wa masika hutolewa kila mmoja kabla ya msimu wake. Sikiliza ule wa msimu wa Novemba hadi Aprili kwa mikoa ya juu, Njombe, Iringa, Morogoro na Ruvuma, kabla ya ule wa Pwani. Mwaka 2023 Mamlaka ilitangaza El Niño tangu Agosti, na walioamini walikuwa na miezi kadhaa ya kujipanga. Tangazo likifikia ngazi ya tahadhari, piga simu nyumbani mwenyewe. Taarifa za kufunguliwa maji bwawani hupitia halmashauri ya wilaya kwenda vijijini. Hakikisha baba anamjua mtu wa kamati ya maafa ya kijiji, na mtu huyo ana namba ya baba na yako. Kama kijiji hakina utaratibu wa kupokea taarifa hizo, udaiwe kwenye mkutano wa kijiji, kwa maandishi. Hiyo ni haki yenu.

Sasa pesa yako ndogo. Kama ningeruhusiwa kukupa ushauri mmoja tu, ni huu: usiitume yote Novemba. Kinachoziangusha familia za bondeni mara nyingi hutokea Juni. Maji yameshuka, ardhi imelowa vizuri kuliko mwaka wowote, tope jipya limetanda, na mkulima hana mbegu wala nguvu ya kulima kwa sababu vyote vilikwenda na maji. Wiki tatu baadaye udongo wa mfinyanzi umepasuka na nafasi imepita. Tuma nusu mwanzoni, nusu iweke. Kama masika imepita salama, itasaidia kuvuna. Kama maji yamechukua, unayo mbegu ya kunde, mahindi na maboga, na posho ya watu wa kupanda kwa siku chache. Mbegu ya mlau inunuliwe mapema ikae nyumba ya juu, kwenye chombo kikavu kilichofungwa. Mwaka wa mafuriko makubwa, mlau mzuri hurudisha sehemu kubwa ya chakula kilichopotea, na ni mwaka huohuo ambao wengi wanaukosa.

Kama kuna ardhi juu, ekari moja ya ufuta na mikorosho michache itawapa fedha ambayo mto hauigusi. Mchanga wa juu unaipenda mikorosho, usiulazimishe mahindi. Mkopo wa pembejeo usichukuliwe kwa dhamana ya shamba la bondeni, hasa mwaka ambao El Niño imetangazwa. Bima ya mazao ni jambo zuri, ila soma masharti ujue kama inalipa mafuriko au ukame tu, na inalipa kwa kupima shamba lenu au kwa wastani wa eneo zima.

Kwa walio chini zaidi yenu, kuelekea delta, ushauri huu unahitaji marekebisho. Huko mto unapokutana na bamvua, yaani bahari inapojaa sana, maji hukosa pa kwenda, yanarudi nyuma na kukaa, na miaka ambayo mto ni dhaifu chumvi hupanda mashambani. Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia tarehe 4 Mei 2024, bonde lilikuwa bado limejaa. Wao wasifuate kalenda ya Ikwiriri.

Mambo machache hayafai kusubiri barua. Baada ya maji, visima na vyoo huwa vimechanganyika: maji yachemshwe au yatiwe dawa hata yakionekana safi. Mtu akiharisha majimaji mfululizo, hasa mtoto, apewe maji ya chumvichumvi ya ORS huku mnaelekea zahanati, msingoje kesho. Homa ipimwe malaria. Mahindi yaliyolowa na kuota ukungu yasiliwe, yasitengenezewe togwa, wala yasipewe kuku; sumukuvu haitoki kwa kupikwa, na ugonjwa wake wa ini uliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Najua inavyouma kumwaga gunia.

Na kuna vitu siwezi kuvijua kwa barua. Shamba lenu limeinuka kiasi gani, kijito cha nyuma kinajaa kwa mpangilio upi, ukingo unamegwa au unajengeka: hayo yanahitaji mtu atembee nanyi. Muombe afisa kilimo wa kata aje kabla ya Oktoba, na kama mnafikiria kupima shamba au kupata hati ya kimila, mwende ofisi ya kijiji kisha idara ya ardhi ya wilaya. Ofisi ya Bodi ya Maji Bonde la Rufiji ndiyo yenye kumbukumbu za vina vya mto. Ukipata likizo mwaka huu, ichukue Septemba badala ya Desemba, bonde likiwa kavu. Tembea na baba kutoka dunguni hadi barabarani, mhesabu mnavuka mabondeni mangapi, na mkubaliane hapohapo ni lipi likijaa mama hapaswi kuwa upande wa mto.